Kuni ya Vibuyu

Bogoro, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Kwako Annette, mukamwana yangu, bibi ya mutoto yangu Aimé,

Jambo. Uko muzima? Aimé iko muzima? Mujukuu yangu Débora alipona kikohozi? Siye huku tuko, ng'ombe zinakula, magoti inauma, tunashukuru Mungu.

Sasa nisikilize. Clarisse, dada ya Aimé, alipita huku. Aliniambia kama kwenye parsele yangu ya Rwambuzi, ile kiwanja munakaa na Aimé, nyuma ya jiko, kuko pipa inatoa moshi tangu asubuhi, na ndani umetundika sosisi. Sosisi ya nguruwe! Nikasema, basi, watu ya kwenu Mahagi wanajua kukausha samaki, wacha akaushe na nguruwe. Lakini eti unachoma kuni gani? Ile niliacha kwenye dari, nimeifunga na kamba, ya kufukizia vibuyu ya maziwa! Annette! Moshi yake ndiyo inafanya maziwa inukie, isiharibike. Mama yangu alinionyesha huo muti. Tangu nizaliwe haijagusa nyama, hata ya kuku. Nani alikupa ruhusa?

Jibu umupe Patou wa moto, dereva ya pikipiki mwenye amekuletea hii. Nimemwambia angoje.

Mama ya Aimé

*

Rwambuzi, tarehe 5 mwezi wa tatu 2024

Kwako Mama mupenzi,

Jambo sana, Mama. Pole na magoti. Siye tuko wazima, Débora alipona, anakuita kila siku.

Mama, kweli nilitwaa ile kuni. Nilianza na kalitusi, sosisi ikawa chungu kama dawa ya minyoo, watu wakanirudishia. Nikajaribu ya muti ya avokado, ikatoa moshi nyeusi. Siku moja nikavuta kijiti kwenye dari. Mama, ile harufu! Moto kidogo tu, gunia yenye imelowa maji juu ya pipa, moshi inapita pole pole, sosisi inakuwa nyekundu mupaka majirani wanachungulia. Sasa hata watu ya Irumu wanaagiza.

Lakini kunilaumu kama mwizi, apana! Ningejua kwa nani? Ni mwaka ya tano niko bibi ya Aimé. Kila nikifika Bogoro, vibuyu inatoka, Clarisse anaitwa ndani, mulango inafungwa. Miye unanituma kuteka maji. Hata kibuyu moja haujanishikisha. Mutu hafundishwi, halafu anagombezwa ju hajui?

Mutoto yako, Annette

*

Bogoro, tarehe 9 mwezi wa tatu 2024

Annette,

Jambo. Niko muzima.

Kumbe mudomo unayo! Mutoto ya watu ya samaki ndiye atanifundisha namna ya kugawa vibuyu yangu? Parsele ni yangu, jiko ni yangu, dari ni yangu. Nimemwandikia Aimé: hiyo pipa aibomoe. Nimemaliza.

Mama ya Aimé

*

Rwambuzi, tarehe 13 mwezi wa tatu 2024

Kwako Elisabeth, mama ya Aimé,

Jambo. Sikuulizi afya, ju ya kwangu hakuna mwenye anaiuliza.

Mutoto yako alikutii. Jana nilienda sokoni kununua chumvi. Nyuma yangu akatwaa nyundo, akapiga pipa mupaka ikalala. Hakutoa hata sosisi kwanza! Ilikuwa ya komunio ya mutoto ya Valérie, jirani yetu. Matumbo nilisafisha na chumvi na ndimu mupaka vidole ikakwaruka, na nusu imeanguka kwenye matope. Nikamuuliza: Aimé, kwa nini? Akasema: Mama aliandika. Basi! Mama aliandika!

Ile yenye ilibaki safi nimempa Patou akuletee. Ukipenda kula, ukipenda tupia mbwa. Kuni yako nimeifunga tena na kamba, iko kwenye dari. Miye na Débora tunaenda Mahagi kwa baba. Kule hatuna ng'ombe, lakini hakuna mwenye atanifungia mulango.

Annette, binti ya Michel

*

Rwambuzi, tarehe 2 mwezi wa ine 2024

Kwako Annette,

Jambo. Uko muzima? Mujukuu yangu anakula? Wazazi yako nawasalimia wote. Miye si muzima, nina hasira.

Sosisi yako nilitaka kutupia mbwa. Nikasema kwanza nionje, nijue vizuri namna ya kukutukana. Nilionja moja, nikamaliza zote. Ilinukia kama jiko ya mama yangu. Chumvi ni kidogo.

Nikapanda moto ya Patou, nikakuja kumuuliza Aimé. Mwanaume ya namna gani anabomoa kazi ya bibi yake ju ya barua? Miye niliandika na hasira! Alipaswa kukuja Bogoro kuninyamazisha, si kutwaa nyundo! Na hapa kila asubuhi watu wanabisha: "Mama, sosisi iko wapi?" Wananiangalia kama muchawi. Kwenye parsele yangu!

Patou alileta pipa yangu ya maji ya mvua, ameifunga nyuma ya moto. Huko Bogoro sasa mvua tunaikinga na sufuria. Aimé iko anaitoboa matundu ya moshi, nimesimama namuangalia. Kwa sosisi nimemukatisha kuni ya mapera. Ile ya vibuyu haitagusa nyama tena, hata ulie namna gani.

Kibuyu yako nimekuja nayo. Ni ile mama mukwe yangu alinipa miye. Kuifukiza haifundishwi kwa barua, kwa hiyo usinijibu. Nikiona dereva ya Mahagi ananiletea bahasha, nitamurudisha nayo. Ng'ombe zangu zinakamuliwa na watu wasiojua kukamua, ju yako! Niko nimekaa hapa kwenye mulango, na haifungwi.

Mama yako