Siku Bi Mkorofi Alipowaka

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na shemeji na wale wanangu wawili. Huku hatujambo. Goti la mama limepata nafuu tangu afanyiwe upasuaji, ila ulimi wake haukuugua hata siku moja. Juzi kamgombeza daktari kwa kumwita bibi. Mimi nipo, nadunda tu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Haya si mambo ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, na wewe ukinikatiza huwa nalainika, naishia kuuliza habari za mvua. Safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Kikohozi amestaafu. Ndiyo, mkuu wetu wa kitengo cha darubini, yule tuliyembandika jina hilo kwa sababu lazima akohoe kwanza kabla ya kusema "wazo langu" juu ya wazo la mtu mwingine.

Alichokufanyia unakijua kuliko mimi, lakini niache nikiseme, maana nimekibeba muda mrefu. Bi Mkorofi alikuwa galaksi yako, lile kundi la nyota ulilokuwa unalichunguza. Wewe ndiye uliyempa jina, kwa vile hutulia miezi na miezi kama hayupo, halafu anawaka bila kumwambia mtu. Katikati yake kuna shimo jeusi linalorusha mkondo wa moto kuelekea huku kwetu, na humo ndimo inamotoka ile miali mikali tunayoipokea. Wakubwa wote walisema miali hiyo huzaliwa mbali na shimo, mahali papana. Wewe ukasema hapana, inapanda na kushuka kwa dakika chache, na kitu kipana hakiwezi kubadilika upesi hivyo, kwa sababu hata mwanga wenyewe unahitaji muda kukivuka. Chumba kidogo kinaweza kunyamaza mara moja, ulisema, uwanja mzima wa mpira hauwezi. Kwa hiyo mahali penyewe ni padogo, tena pako jirani kabisa na shimo.

Kikohozi akasimama mbele ya watu akasema umeona hitilafu ya mitambo ukaiita ugunduzi. Watu wakacheka. Mkataba wako ulipokwisha hakuuongeza. Hata hujazoea ile shule unayofundisha hesabu, mchoro wako wa ile miali ukawa ukutani kwenye hotuba yake. Akakohoa, akasema wazo langu. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu, nikapiga makofi kama wenzangu. Tangu siku ile namchukia, na sitafuti neno laini zaidi ya hilo.

Kilichompungukia kilikuwa ushahidi tu. Alihitaji Bi Mkorofi awake tena, na darubini yetu iliyoko angani imtazame tangu anapoanza kuwaka mpaka anapozima. Akaweka sheria kwamba mtu yeyote asiigeuze darubini bila ruhusa yake, ili siku hiyo ikifika, amri iwe ya kwake. Akangoja. Alingoja mpaka nywele zikamwisha kichwani.

Ijumaa walimfanyia sherehe ya kumuaga, ukumbini chini. Mimi nilikuwa zamu, juu, kwenye chumba cha kuongozea darubini, na ile mashine ya kupoza hewa inayolia kama mbuzi. Kabla hajashuka alichungulia mlangoni na tai yake mpya, akaniambia leo nisimsumbue hata mbingu zikianguka. Akacheka, nami nikacheka. Baadaye mama wa chai akaniletea kipande cha keki.

Sijaimaliza keki, ujumbe ukaingia kutoka kwa jamaa wa nchi nyingine wenye darubini ndogo. Bi Mkorofi ameanza kuwaka. Miali imeshapanda maradufu na bado inapanda. Walituomba kwa heshima zote tuigeuze yetu, kwa sababu yao haina nguvu ya kufuata mabadiliko ya dakika kwa dakika. Yetu wakati huo ilikuwa inatazama kipande cha anga kitupu, inajipima tu.

Ilitosha nishuke ngazi nimwambie, basi. Nikasikia vigelegele kutoka chini, na nikamsikia akikohoa kwenye kipaza sauti. Nikawajibu wale jamaa kwamba darubini yetu ina kazi isiyoweza kukatizwa. Kisha nikamalizia keki na kufuta makombo mezani. Jioni Bi Mkorofi alikuwa amezima.

Jumatatu alikuja kuchukua vitu vyake, akakuta habari zimeenea. Mwako mkubwa kuliko yote waliyowahi kuiona kwa Bi Mkorofi, ila hakuna anayeweza kusema kama ulipanda kwa dakika au kwa saa. Alisoma jibu nililowapa wale jamaa, akaja kunitafuta. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe kuhusu mbingu. Akakaa kwenye ngazi, boksi lake miguuni, mdomo wazi. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimefanya hivi kwa ajili yako. Nikasema ndiyo. Dada, roho yangu iliburudika! Nilitamani ungekuwepo uione ile sura.

Ndipo akasema kwamba nimekuua na wewe.

Nikadhani anatapatapa, nikampita. Lakini neno lile lilinifuata mpaka nyumbani, likakaa na mimi mezani, mama akiniuliza mbona sili. Maana siku unafungasha vitu vyako, mimi nakushikia kamba, uliniambia jina abaki nalo yeyote, wewe unachotaka ni siku moja kujua kama ulikuwa sahihi. Ushahidi wake ulikuwa ushahidi wako. Mlikuwa mnangoja kitu kimoja, yeye kule na wewe huko, na mimi ndiye niliyekuwa nimekalia kiti.

Wanaojua mahesabu wanasema huenda Bi Mkorofi asiwake tena namna ile tukiwa hai.

Ningeweza kukuficha. Kikohozi hatasema, anaona aibu. Nikiikumbuka sura yake pale kwenye ngazi, nasema ningerudia hata kesho. Nikiikumbuka yako, natamani ningekuwa nimeshuka zile ngazi. Uwezo wa kukurudishia ile Ijumaa sina, dada. Nilimlenga yeye.

Nisalimie shemeji, na wanangu wabusu. Mama anakusalimu sana. Hajui lolote, na nakuomba asijue. Ukiona huwezi kuniandikia mimi, mwandikie yeye, umwambie tu barua imefika. Nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba