Meno ya Stendi ya Simu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mama, shikamoo yako imefika. Hapa Mikumi wazima wote. Bibi yako amerudi kutoka Tindiga kuvuna mpunga, na kikohozi kimemwacha.

Umeuliza kwa nini meno ya ile stendi ya simu niliyokutumia yameinamia nyuma. Ukiyakata wima, kijiti kinachoingia kati ya meno kushikilia mgongo kinateleza. Hilo nilijifunza kwa aibu.

Nilipokuwa naposa, nilimpelekea baba wa bibi yako, kule Kimamba, kiti cha kuegemea cha mninga, kinachopandishwa na kushushwa kwa meno kama hayo. Niliyakata wima. Mzee akaegemea mbele ya wajomba wote, kiti kikalala naye, miguu juu. Nikawahi kusema, "Mzee, umekaa vibaya."

Akajipangusa kanzu. "Kweli, mwanangu, nimekaa vibaya."

Nikapewa mke.

Wakati naichonga stendi yako nikamwambia bibi yako ukweli. Alicheka mpaka akashika mlango. "Wewe! Baba alijua siku ileile. Alisema mwacheni, atarudi kukitengeneza mwenyewe."

Sikurudi, na mzee tulishamzika. Kiti bado kipo kwa shemeji yangu. Wanakikalia, ila hakuna anayethubutu kuegemea.

Jumamosi naenda Kimamba na msumeno na patasi. Nitawaambia kosa lilikuwa langu, halafu nitayakata meno upya. Wa kwanza kuegemea nitakuwa mimi, mashemeji wote wakitazama.

Wewe weka simu yako usome. Hiyo haianguki.

Babu yako