Laptopu Mbili, Kijicho Kimoja

Tarehe 3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na goti la mama limetulia. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kuzunguka madukani.

Nimesharipoti kazini. Kikosi ni kidogo: madaktari wa macho, wauguzi, dereva, kijana wa kamera tunayemwita Mrefu, na mkuu wetu, mama mmoja mkavu ambaye sijamwona akicheka. Tutazunguka vijijini. Madaktari wanatoa mtoto wa jicho, Mrefu anapiga video, mimi nahariri huko huko. Kila kituo lazima kiwe na filamu yake kabla hatujahama, kwa sababu watu wa kituo kinachofuata wanaogopa kisu. Wakiwaona wenzao waliopona, ndipo wanajitokeza.

Sasa nakuja kwako. Ofisi itaninunulia laptopu, lakini nichague mwenyewe. Dukani zimebaki mbili. Moja ina prosesa yenye nguvu, viini tele vya kugawana kazi, video inapaa. Ya pili ina prosesa ya kubana umeme: betri inakaa kutwa, ila kwenye video nzito inajikokota. Muuzaji anasema hiyo ya pili ni ya kuandikia barua tu. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii. Nichukue ipi?

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 6 Machi

Kitinda,

Marahaba. Mama hajambo. Goti linamkaza asubuhi, likipata joto anatembea na kugombana na majirani kama kawaida. Mimi pia mzima wa mwili.

Wa moyo siyo sana, na nakwambia mwenyewe kabla mama hajakwambia: nina wivu. Tuliomba kazi moja, tukasubiri jibu tumekaa kitanda kimoja, jibu likaja lako. Tangu uondoke nahariri harusi za watu humu chumbani, mabibi harusi wananikatia keki usoni, na mimi nawaza gari lenu limefika wapi. Roho inaniuma. Basi.

Lakini umeniuliza kazi, nakujibu kazi. Chukua inayobana umeme. Ile kasi anayokuonyesha muuzaji imepimwa chaja ikiwa ukutani. Prosesa yenye nguvu inakula umeme, inachemka, feni inalia kama inakata roho. Ukiichomoa, ama inajipunguza kasi yenyewe, ama betri inakata kabla hujala chakula cha mchana. Huko mnakokwenda, ukuta wenye soketi utautoa wapi? Nguvu ni ya sisi tuliobaki nyumbani.

Halafu usikate zile video kubwa zenyewe. Tengeneza nakala ndogo, nyepesi, uhangaike na hizo, zile kubwa ziingie mwishoni kabisa. Ukifanya hivyo hata mashine ya polepole inakwenda.

Mkipiga picha za safari, usinitumie.

Dada yako


Tarehe 9 Machi

Dada,

Shikamoo. Sijambo. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili imeniumiza zaidi. Unaniambia una wivu, kisha mstari unaofuata unaniambia nichukue mashine dhaifu. Ungekuwa wewe ungeelewaje? Wewe mwenyewe hapo mezani unatumia yenye nguvu. Mrefu amezijaribu zote mbili mbele yangu kwa video ile ile. Moja imemaliza, mwenzake bado anatafuta njia. Mrefu akaniuliza, "Hivi dada yako anakutakia mema kweli?"

Nimechukua yenye nguvu. Kesho tunaondoka. Mwambie mama nitamtafutia dawa ya kuchua goti.

Mdogo wako


Tarehe 12 Machi

Kitinda,

Sisi wazima. Hongera kwa mashine.

Mama ameuliza umeandika nini, nikasema unamsalimu. Sikumwambia kwamba mwanawe wa mwisho anadhani nataka aanguke. Ningetaka uanguke, ningekushauri kama alivyokushauri Mrefu.

Kuanzia leo niandikie habari za mvua tu.

Dada yako


Tarehe 30 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Najua nimenyamaza mno. Mama hajambo? Goti je? Wewe je? Hii naituma kwa simu ya dereva akifika penye mtandao.

Mvua hakuna. Umeme pia hakuna. Umeme tulio nao unatoka kwenye kisanduku cha sola cha madaktari, kinachowasha taa ya upasuaji na darubini yao. Kituo cha kwanza nilijitahidi nikamaliza, betri inachajiwa mashine ya kusaga ikiwashwa. Kituo cha pili hakuna hata mashine ya kusaga. Laptopu yangu naifungua, feni inapiga kelele mpaka wagonjwa wanageuza shingo, sijakata hata kipande kimoja cha maana, imezima.

Juzi nilichanganyikiwa. Nikaichomeka kwenye kisanduku cha madaktari bila kuomba ruhusa. Kikazidiwa, kikajizima. Chumba kizima giza, dada, na mzee wa watu yupo mezani jicho wazi. Daktari alisema neno moja tu, "Tochi." Wauguzi wakawasha simu zao, wakamzunguka, mikono haitikisiki. Akamaliza. Mzee yuko salama. Daktari alivua glovu, akanifuata pale nilipojibanza, akasema taratibu, "Mashine hiyo nisiione tena humu ndani." Afadhali angenifokea.

Sasa filamu ya kituo hiki haipo. Tukihama bila filamu, huko mbele watu watatukimbia. Mkuu amenipa muda mpaka gari lirudi kutoka kuchukua dawa mjini. Mrefu hanitazami usoni.

Najua utacheka. Cheka, nimeyataka mwenyewe. Ukimaliza kucheka, nisaidie.

Mdogo wako


Tarehe 1 Mei

Kitinda,

Marahaba. Mama mzima. Mshukuru Mungu kwa huyo mzee na kwa mikono ya hao wauguzi.

Nilicheka, kweli. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mama akaja kuuliza kuna nini, na nilipofungua mdomo kumweleza, nikajikuta ninalia. Sikujua kama ni kwa ajili yako au yangu.

Nimeongea na dereva wenu kwa simu. Keshokutwa nampelekea begi jeusi. Ndani kuna laptopu yangu, prosesa yake ni ya kubana umeme, karibu sawa na ile uliyoiacha dukani. Chaja yake ni ndogo, inakubali umeme wa gari. Gari likitembea inajaa.

Usiulize nimeipata wapi, nitakwambia. Niliinunua tulipotuma maombi. Nilikuwa na uhakika watanichukua mimi. Nilisoma habari za prosesa hizo mpaka macho yakaniuma, nikapima, nikaijaribu huko nyuma ya nyumba bila chaja nikikata video za kuku wa jirani. Jibu lilipokuja lako, niliisukuma chini ya kitanda. Ulipouliza uchukue ipi, sikukisia. Nilikuwa nakujibu kuhusu mashine yangu, ya safari yangu.

Leo nimeitia kwenye begi na kuitoa, nimeitia tena na kuitoa. Wivu haujaisha, usidhani nimekuwa malaika. Inaniuma kwamba mashine inakwenda na mimi nabaki. Lakini inaniuma zaidi kukuona umejibanza ukutani.

Kumbuka nakala ndogo.

Dada yako


Tarehe 11 Mei

Dada yangu,

Shikamoo sana. Mama hajambo?

Begi lilifika. Nilikaa nje chini ya turubai toka asubuhi na mashine yako, haina kelele hata kidogo, haichemki, nakata zile nakala ndogo kama nakata vitambaa. Jua linazama bado ina chaji. Gari lilipotuhamisha, kazi ya mwisho, kuziingiza zile video kubwa, ilimalizikia njiani, nimeikumbatia mapajani. Kijijini tulitundika shuka, tukaonyesha filamu. Kesho yake watu walipanga foleni mpaka nje ya ua.

Mkuu akaniita. "Hii mbinu ya nakala ndogo nani amekufundisha?" Dada, nilitamani kusema nimejifunza mwenyewe. Nikasema, "Dada yangu." Akaniuliza na mashine ni ya nani. "Ya dada yangu." Akasema kikosi cha pili kinaundwa, kinakwenda upande wa milimani, na hakina mhariri. Anakutaka wewe. Mashine ofisi itakupa, ile yangu yenye nguvu wanairudisha mjini.

Nikwambie? Habari hii ningeweza kukutumia siku ile ile. Sikuitumia. Kikosi cha pili ndicho kikubwa, kina gari jipya, na mkuu mwenyewe anahamia huko. Nilizunguka nayo moyoni nikijiambia mtandao hakuna, na mtandao ulikuwepo. Sasa najua ulikuwa unaumwa nini.

Nenda, dada. Usiponijibu nitaelewa.

Mdogo wako


Tarehe 24 Juni

Kitinda wangu,

Marahaba. Mama hajambo, mama mdogo amehamia kwake na wanagombana vizuri. Mimi mzima. Nisamehe kimya, nilipokea barua yako nikafunga mizigo bila kuaga hata kwa maandishi.

Niko milimani. Baridi kali, vidole havikamati vizuri, kazi inakwenda. Gari jipya limeshaharibika, kwa hiyo hapo usinionee wivu.

Jana walimfungua bandeji mama mmoja. Nilikuwa nimekaa jirani yake na laptopu, nikimsubiri mpiga video aniletee kadi ya kamera. Huyo mama akapepesa macho, akatazama mkono wake, akaugeuza, akautazama tena kiganjani. Kisha akainua uso na mtu wa kwanza kumwona alikuwa mimi. Akanitazama muda mrefu, wala hanijui. Akasema, "Kumbe wewe ni binti! Kwa sauti nilidhani mama mtu mzima." Akacheka, akanishika mashavu kwa mikono miwili, na mimi nikashindwa kufanya kazi mpaka jioni.

Nimezirudia barua zako zote. Umeniandikia feni, betri, soketi, Mrefu. Haya umekuwa ukiyaona kila wiki, na hukuniambia hata neno!

Ulifanya vizuri. Ningejua, ningekufa kwa wivu.

Dada yako