Mgonjwa Asiyeumwa

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumatatu asubuhi

Mpendwa kaka,

Nimeshamwambia yule mama mshonaji wa jirani ukweli, na tangu hapo mama yetu hanijibu salamu. Nakuandikia usije ukasikia kwa mtu mwingine. Lakini hujambo huko? Kifua kimepona? Kazi inakwendaje? Sisi wazima. Mdogo wetu naye mzima, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Alirudi kutoka chuo na mabegi yote. Muhula wa kwanza wa uhandisi umemwendea vibaya: hesabu kafeli, fizikia kafeli, michoro kaponea chupuchupu. Wamempa nafasi ya kurudia mitihani. Akifeli tena ndiyo basi, anaondolewa. Mama aliposikia akamtandikia kitanda chako. Watu wakaambiwa binti anaumwa.

Kaka, si ndivyo ulivyolazwa wewe ulipofeli? Pazia limeshushwa, watu wanaingia kwa kunyata na kusema pole. Ulilala mpaka siku ya mtihani ikapita, halafu asubuhi moja tukakuta kitanda kitupu. Simlaumu mama, aibu inamtafuna. Ila godoro lile bado lina bonde la mgongo wako, na mdogo wetu alikuwa amelala humohumo.

Akawa anasoma chini ya shuka. Mgeni akipiga hodi, kitabu kinaingia chini ya mto na yeye anaanza kukohoa. Mwanzoni tulicheka. Halafu mchana mmoja akakohoa na mgeni hakuna. Kikohozi kilikuwa chako kabisa. Niligeuka nikijua nitakuona. Na alianza kukonda kweli. Mama akamwita Injinia, jina tulilokuwa tunakutania wewe, akajishika mdomo.

Mimi unanijua, watu wawili wakinitazama tu maneno yananikauka. Lakini mshonaji alipokuja na wenzake kumwona mgonjwa, nilisimama mlangoni miguu ikakataa kupisha.

"We bubu, sogea. Tumekuja kumpa pole dada yako."

"Haumwi."

"Haumwi? Sasa siku zote hizo kalalia nini, mayai?"

Wenzake wakacheka. Nikasema, "Kafeli mtihani. Anasoma aurudie. Mnamsumbua."

Sauti ilitoka kubwa mpaka nikajishtukia. Nyuma yangu mama aliangusha kifuniko cha sufuria. Mshonaji akanitazama juu mpaka chini.

"Ndiyo mtufanye tuje na nyuso za msiba? Mimi mtihani wa udereva nimefeli mpaka mwalimu akahama. Twendeni zetu, mtoto asome."

Mdogo wetu alitoka kitandani akiwa na shuka mabegani, akapandisha pazia, akavuta meza dirishani. Sasa ananifundisha mimi. Sielewi kitu kaka, si unajua shule niliachia wapi. Ila namwangalia usoni. Akifika pasipomkalia vizuri anaongea haraka haraka, kama mtu anayepita makaburini. Namwambia hapo rudi. Ananitukana, halafu anarudi. Jana alirudia swali moja mpaka sauti ikatulia yenyewe.

Usidhani yamekwisha. Bado anaacha kalamu ghafla na kukitazama kile kitanda. Nilikiegemeza ukutani. Mama akakilaza. Nikakiegemeza tena. Hatusemeshani, tunakipokezana tu. Na mimi nikipita pale natembea upande upande, kana kwamba kuna mtu wa kupisha.

Sikuulizi kwa nini uliondoka. Siku ukitaka kurudi, rudi. Nikiwa mlangoni mimi, hakuna atakayeambiwa unaumwa.

Shangazi anakusalimu, anasema usile vya kununua kila siku. Baba aliponiona naandika alizima redio. Mama hakunituma salamu, ila nitamhesabia zake mwenyewe, maana najua anazo. Mungu akuweke huko uliko, akupe usingizi mzuri.

Niishie hapa, lazima niondoke sasa hivi. Mtihani ni leo. Mdogo wetu yuko nje, kashavaa viatu, kashika mlango na hauachii. Anasema atakwenda nikitembea nyuma yake mpaka kwenye chumba cha mtihani, ili akigeuka kukimbia anikute mimi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye vilevile.