Tatu na nusu juu ya kumi

Bahati, ndugu yangu,

Unajua mimi si mtu wa kuandika. Lakini hili siwezi kulisema kwa mdomo, kwa sababu ni huo mdomo uliolifanya. Nilikuaibisha kwenye kilio chako, nyumbani kwa mama yako, Nyakabere, asubuhi baada ya kukuzika. Kama hukusikia, basi kuanzia Kavimvira mpaka Kamanyola ni weye peke yako hujasikia.

Nianze na habari, maana ulikuwa unachukia mtu anayeingia kwenye maneno makubwa bila salamu. Ile moto yangu nyekundu, pikipiki uliyokuwa unaendesha weye, anaiendesha Olivier sasa. Anabadilisha vitesi, zile gia, kama mtu anayevunja kuni, nimemwambia, hasikii. Barabara ya Sange imekatika tena palepale, tunazunguka kwenye mihogo ya watu na wenye mihogo wanatutukana. Muwa wa Kiliba umekuwa mwembamba kama kalamu. Mama wa mahindi wa Luvungi aliniuliza wiki ya kwanza, "Leo hakuna namba?" Nilinunua hindi lake, nikalishika mkononi mpaka likapoa, nikampa mbuzi. Tangu siku ile sijaonja kitu cha barabarani. Hata yai.

Na nitakuambia kwa nini, lakini kwanza nitajitetea, kwa sababu hakuna mwingine wa kunitetea.

Sheria zilikuwa za kwako. Mimi nilileta hesabu tu. Weye ndiye ulisema, tukiwa tumeegemea moto zetu kwa yule mchoma mishikaki wa Kamanyola, kwamba namba lazima itoke baada ya kuuma mara ya kwanza, kabla ya kumeza. "Mtu akishameza," ulisema, "tumbo linaanza kumuhurumia muuzaji." Nikasema sawa, basi tuanze na kumi na tutoe. Kikiwa baridi, toa moja. Mafuta ya jana, mbili. Mchanga kwenye ndagala, dagaa wetu wa ziwa, toa tatu, hata kama muuzaji ni mrembo; na hapo ndipo ulikuwa unanidanganya kila siku kwa yule dada wa Kalundu, ukimwachia nusu, nusu, mpaka dada mwenye mchanga kwenye meno yetu akawa na wastani wa sita na robo. Nilikuwa naweka wastani wote mu kichwa. Mayai ya Sange, nane. Sambusa za karibu na parking, kituo chetu cha moto, tano, zingepata sita kama angetia nyama. Ndizi za kukaanga za Luberizi zilianza na saba zikaanguka kila mwezi, na yule mzee hakuelewa kwa nini tulimwacha.

Sheria ya mwisho pia ilikuwa ya kwako. Ya barabarani inapimwa. Ya nyumbani haipimwi. Hasa ya mama.

Miaka yote, kila ukitoka Nyakabere, ulileta mandazi ya mama yako kwenye mfuko, yakiwa bado na jasho la moto. Tulikula bila kusema kitu. Mimi, mtu ninayehesabu hata ngazi za kanisa, sikuwahi kuyapa namba, hata ndani ya roho. Nataka ukumbuke hilo.

Sasa kilio. Nilifanya yote kama inavyotakiwa. Nilipanga msafara: moto zote za parking yetu na za Sange, mbili mbili, taa zimewashwa, honi kutoka hospitali mpaka kwenu. Baba yako mdogo hakuniambia hata asante. Familia ilikaa mbele, mimi nikawekwa nyuma karibu na zizi la mbuzi, pamoja na watu waliokuja kwa ajili ya chai. Miaka kumi na moja tumekula kutoka mkono mmoja, na nyuma yangu ni mbuzi. Nilijiambia, leo si siku ya kudai kiti.

Asubuhi baada ya mazishi wakatujazia chai. Katekista akamaliza sala, akaketi kushoto kwangu, na watu wakawa kimya kama wanavyokuwa baada ya sala, kila mtu anaangalia chini. Beseni la mandazi likapita. Nikachukua moja. Bahati, mama mwenye kilio hapiki. Hiyo hata mtoto anajua. Anakalishwa kwenye mkeka, majirani ndio wanashika jiko. Kwa hiyo sikuwaza hata mara moja. Nikauma. Lilikuwa bichi katikati, chumvi kama mtu amemwaga kopo, sukari hakuna. Na mdomo wangu, ambao haukuwa umelala, ambao haukuwa umeelewa bado kwamba weye umekufa, ukafanya kazi yake.

"Tatu na nusu."

Sikusema polepole. Nilisema kwa sauti ile ya kushindana na injini. Halafu nikageuka kushoto, ili nisikie yako.

Katekista alikuwa ananiangalia, rozari mkononi.

Hapo ndipo nilielewa kwamba hauko. Si kaburini, ambako nilishika koleo. Pale, na mandazi mdomoni.

Na kutoka kwenye mlango wa jiko mama yako akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Juu ya ngapi, Kashindi?"

Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye kiwiko.

Ningeweza kusema tano. Ningeweza kusema, mama, nilikuwa nahesabu watu. Nikasema, "Juu ya kumi, mama." Akatingisha kichwa. Akaja, akachukua beseni kutoka mikononi mwa mtu aliyekuwa amelishika, akarudi nalo ndani. Mikono iliyokuwa imenyooshwa ikarudi kwenye magoti. Wamama waliokuwa wameshakula wakaanza kusema pamoja, iko nzuri, mama, iko nzuri sana.

Baba yako mdogo akasimama. "Huyu ni muntu gani? Shiye tumezika jana, yeye anakuja kutufanyia mtihani? Hauna haya? Toka."

Nikatoka. Nililimeza lile andazi njiani, kwa sababu nilishindwa kulitema kwenye udongo wa kwenu.

Kuhusu lawama nimepiga hesabu. Sheria ya kusema kabla ya kumeza ilikuwa yako, kwa hiyo nilikupa nusu. Baadaye nikakupunguzia, robo. Leo sikupi kitu.

Kwenye parking nina jina jipya. "Tatu na nusu, mteja wako iko huku." Olivier, ambaye anaendesha moto yangu na anakula kwa jasho la moto yangu, aliniuliza mbele ya wote, "Patron, bugali ya madame wako leo imepata ngapi?" Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye tairi. Nilianza na baiskeli ya kukodi, nikibeba miwa ya Kiliba, hakuna mjomba, hakuna diploma. Leo nina moto nne barabarani, na mbele za watu mimi ni mtu wa andazi. Hilo liliniuma kuliko ninavyotaka kukuambia.

Lakini si hilo ndilo ninaloona haya nalo leo. Hilo ni la kucheka, na weye ungecheka kwanza.

Ninaona haya kwa sababu ya kona ya Nyakabere.

Unajua kona yenu, pale kwenye fundi wa baiskeli, ukikata tu umefika. Ninapita pale kwenda Luvungi, ninapita kurudi. Baada ya kilio, kila nikikaribia, nilikuwa naongeza gasi, moto ikimbie. Nilijiambia, mama amekasirika, tumwachie muda. Nilijiambia, baba mdogo atanifukuza tena. Nilijiambia, nitaenda nikiwa na mfuko wa unga na sukari, halafu nikanunua unga na sukari, na bado nikapita navyo mpaka Luvungi nikarudi navyo Uvira. Miezi. Wake za watu wakafua nguo, watoto wakaenda shule, mimi napita kwa gasi mbele ya nyumba ya mama yako.

Juzi Olivier akaniambia, bila utani safari hii, "Mama Bahati anakuita. Amesema ukuje mikono mitupu." Nikaoga mara mbili. Njia nzima nikapanga maneno ya kuomba msamaha, nikayapanga yakawa mengi, nikayapunguza.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye karai la mafuta. Amekonda, Bahati. Kitenge kinamzunguka kama kimemkopa. Sikupata nafasi ya neno hata moja. Akasema, "Nilikuwa nakusikia."

Nikadhani anasema ya kilio.

"Moto yako iko na sauti yake, ile ya kukohoa. Asubuhi unapanda, mchana unashuka. Nilikuwa nasema, leo huyu atakata kona. Nasimama hata mlangoni. Halafu nasikia unaongeza."

Nilitamani udongo unimeze pale pale kwenye maganda ya mihogo. Ningependa anitukane. Angenitukana ningejua pa kuweka mikono. Alinisogezea kigoda kwa mguu.

Akaniambia, Bahati, kwamba tangu alipokuzika ulimi wake umekufa. "Natia chumvi, sisikii. Natia tena. Naweka sukari kwenye chai, ni maji ya moto tu. Naonja majani ya sombe kama ninaonja kitambaa." Anawauliza majirani, wanasema mama, iko nzuri. Anamuuliza baba yako mdogo, anasema iko nzuri, halafu anaacha sahani nusu. Anajua. Mbwa wa jirani, alisema, ndiye anayempa jibu: ananusa tu, anaondoka. Asubuhi ile ya kilio alishindwa kukaa kwenye mkeka na mikono mitupu, akawafukuza wamama jikoni, akakanda mwenyewe, na hakujua alichokanda mpaka niliposema.

"Wote walikula wakasema iko nzuri. Wote wananihurumia. Minye niko natafuta muntu asiyenihurumia."

Nikajaribu kusema, mama, sikujua ni ya kwako. Akapunga mkono kama anafukuza nzi. Halafu akauliza swali ambalo weye peke yako ungeuliza.

"Nusu ilikuwa ya nini?"

"Mama?"

"Tatu naielewa. Nusu ulinipa ya nini?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba lilikuwa la moto, na kwa sheria zetu andazi la moto, hata likiwa baya, linapata nusu yake.

Alicheka. Kidogo tu, na mara moja akaziba mdomo na kitenge, kama mtu aliyeshikwa anaiba. Mimi nikalia. Hakunibembeleza. Alitoa andazi kwenye mafuta, akalipuliza, akanipa. Nikauma. Nikawa na hofu ya mdomo wangu, lakini alikuwa anasubiri, na niliona anasubiri kweli, kama mgonjwa anavyomwangalia daktari.

"Tano, mama. Chumvi imezidi. Na katikati bado."

Akapunguza moto, akaongeza maziwa. "Sita." Akaongeza sukari, nikamshika mkono kabla hajaongeza tena. Tulifika saba na nusu jua likiwa limeshaenda nyuma ya milima ya Lemera, na tumbo langu limejaa kama gunia. Kila namba aliirudia kwa sauti ndogo, ili mikono yake ikumbuke kile ambacho ulimi haukumbuki.

Hiyo ndiyo haya ninayoiona, ndugu yangu. Mama yako alikuwa anakula chumvi tupu peke yake, na mimi, mtu mmoja tu ambaye yeye alikuwa anamhitaji, nilikuwa nalinda jina langu lisichekwe kwenye parking. Ningekata kona siku ya kwanza. Kila mara niliyoongeza gasi nimeihesabu, unanijua. Namba siiandiki hapa.

Jumamosi tunaondoa kilio chako, tunamaliza matanga. Watakuja watu wa parokia, watu wa Luvungi, parking yote. Baba yako mdogo aliposikia nimealikwa alikuja kuuliza, na mama akamjibu, "Kashindi ndiye ulimi wangu. Atakaa na minye jikoni." Baba mdogo akaangalia chini, akasema sawa, lakini asipige kelele. Kwa hiyo nitakaa jikoni, Bahati, mwanaume mzima, kwenye kigoda, katikati ya wamama na masufuria, mlango wazi, na Olivier na wenzake watapita kuangalia na watasema yao. Wacha waseme. Nitaonja sombe, nitaonja maharagwe, nitaonja mandazi, na nitamwambia mama yako ukweli wa kila kimoja, hata kama ni mbili.

Na baada ya Jumamosi nitaendelea. Nakuahidi kona ile sitaipita tena. Nitaingia kila nikipanda na nitaingia kila nikishuka, nitafungua kila sufuria atakayonifungulia. Mpaka siku nitakaposema chumvi inatosha, naye aonje mwenyewe, akunje uso, aniambie, "Unadanganya, weye, imezidi." Siku hiyo sitabishana. Nitakuja kaburini kwako na matope kwenye viatu, nikuletee hiyo habari kabla ya mtu mwingine.

Pumzika, ndugu yangu. Mama tutamshika.

Wako,
Kashindi