Sinia Ulilobeba, Kijiko Ulichoacha

Baba Akinyi,

Neno "mpendwa" nimeliruka makusudi. Dada yako alifika hapa Macalder Jumapili baada ya misa, akanywa chai yangu vikombe viwili, ndipo akatoa salamu zako. Ati umekumbuka nyumbani. Ati ungependa urudi tuyazungumze. Halafu, akiwa ameshasimama kuaga, akauliza kama kile kijiko cha zamani cha marehemu baba yangu bado kipo. Nilicheka mpaka akaketi tena.

Kwa hivyo umeambiwa. Imekuchukua miaka mitatu.

Unakumbuka siku ulipokuja kwetu kujitambulisha? Ulijua baba alifanya kazi ya nyumba kwa meneja wa mgodi enzi za ujana wake, na meneja alipofunga mizigo kurudi Uingereza alimwachia vitu viwili, sinia kubwa na kijiko. Baba alikuonyesha vyote kwa furaha. Akageuza kijiko, akakuelekeza kwenye alama tano ndogo nyuma ya mpini: simba anayetembea, mguu mmoja juu; kichwa cha chui, maana kilipimwa London; herufi ya mwaka; kichwa cha malkia, kuonyesha ushuru ulilipwa; na herufi mbili za jina la fundi. Akakwambia, "Mtafute simba kwanza. Kama hayupo, hiyo si silva ya Waingereza."

Hukuangalia. Ulikuwa umeshika sinia, unalipima uzito kwa mikono, unajitazama sura ndani yake. Tulipotoka nje ukaniuliza, "Mtu wa kuosha vyombo atanifundisha mimi madini?" Ningekuacha palepale getini. Nilikuwa mjinga, nakubali.

Dhahabu uliijua, sikunyimi hilo. Wachimbaji wote walikuletea wewe, ukatia tone la tindikali, ukatoa hukumu. Basi ukadhani umemaliza kujua kila kitu.

Tulipooana baba alinipa kijiko. Sinia nililipata alipokufa. Matanga hayajaisha, watu bado wamekaa kwenye viti vya kukodi, ukalifunga ndani ya leso yangu ukaenda nalo Homa Bay. Hukurudi. Lilikuwa na herufi nne, E, P, N, S, kila moja ndani ya kisanduku chake, na taji pembeni. Ulizichukua kuwa jina la fundi wa kifalme, mjuaji wewe. Baba alinieleza maana yake nikiwa msichana: ni shaba iliyochanganywa na nikeli, ikapakwa silva juu, basi. Ndiyo maana kingo zilikuwa zimeanza kuwa njano, pale vidole vyake viliposhika miaka yote hiyo. Ningekwambia. Hukuuliza.

Dada yako anasema juzi, ulipolitoa hatimaye kuliuza, mnunuzi alikwaruza ukingo kidogo kwa tupa, akakurudishia, akakuuliza kama huko nyumbani hakuna kitu chenye simba. Laiti ningekuwepo niuone uso wako.

Sikuchukii, Baba Akinyi. Chuki inataka nguvu. Nakudharau tu, na hainichoshi hata kidogo. Miaka ishirini na miwili ulikunywa uji kwa kijiko hicho, na hukukigeuza hata siku moja. Bure kabisa.

Kijiko kipo, na hakiuzwi. Kiko Asumbi kwa Akinyi. Amejifungua mtoto wa kiume, tumempa jina la baba yangu. Najua hukuwa na habari, kwa sababu nilimkataza dada yako kukwambia. Sasa nakwambia mimi mwenyewe, ili ujue unachokikosa. Mtoto anakula uji kwa kijiko hicho, na akishiba anakiuma hatoi. Zile alama tano bado zinasomeka vizuri. Kuna ya sita sasa, kwenye ukingo, ndogo sana, ya jino lake la kwanza. Hiyo hakuna mnunuzi wa kukusomea.

Usije. Leso yangu mpe dada yako aniletee. Sinia baki nalo, ujitazame.

Ni mimi,
Mama Akinyi, nyanya wa mtoto usiyemjua