Matofali ya Mwaitu

Mukuyuni,
Jumanne

Kaka yangu Mbaluka,

“Matofali ya wale akina mama yamechoka. Ukumbi ubomolewe kabla haujaua mtu.” Ndivyo ulivyoiambia kamati Jumapili baada ya ibada, ukapigiwa makofi. Nitakujibu. Lakini kwanza pokea salamu, wewe na wifi Kanyiva. Goti lako linaonaje vilima vya Kilungu? Huku sisi ni wazima, ila mimi situlii; barua hii nimeianza mara nne.

Yamechoka? Wewe ulikuwa tumboni mwa mama, mwaitu wetu, alipokanyaga udongo wa matofali hayo na wenzake wa mwethya, wanawake thelathini wakifanya kazi kwa zamu bila malipo. Kila mmoja alibonyeza kidole gumba kwenye tofali lake kabla halijakauka, ili asiyefika ajulikane. Mama yetu alibonyeza vidole vitatu, kwa kiburi tu. Alituonyesha mara ngapi tulipotoka kuimba kwaya? Paa limekaa juu ya matofali hayo tangu 1964, nawe leo unayaita machovu.

Ulisema pia kwamba hakuna anayekuja. Njoo Jumamosi mchana, siku ya filamu, uone tunavyotundika mablanketi madirishani ili giza liingie, na watu wanavyofika kila mmoja na kigoda chake, maana viti vyetu viliazimwa kwenda matangani Kanyangi vikabaki huko. Mzee Nthiwa, mwendesha projekta wetu, huwaambia vijana kwamba aliyekuja bila kigoda atatazama filamu kwa masikio. Ciku wa chai naye aliniambia mbele ya watu kwamba laiti ningeshika ufagio kama ninavyoshika kalamu, sakafu ingeng'aa. Hakuna anayelipwa wala anayelalamika, isipokuwa mimi, na hiyo ndiyo kazi yangu ya kujitolea.

Jana fundi Musyimi alipanda ngazi kuutazama ule ufa wa ukutani uliowatisha wanakamati. Alishuka akisema hakuna tofali hata moja lililopasuka. Ufa umefuata maungio ya matofali, na unaanzia kwenye tundu la projekta, ambapo mtu amekata boriti iliyoshikilia ukuta. Akauliza ni nani. Nthiwa akaangalia viatu vyake. Ciku akasema huyo mtu, awe nani, akirudi na msumeno wake atamwagiwa chai ya moto. Mimi nikacheka pamoja na wengine.

Kaka, ni mimi. Mwezi wa nane tulipata projekta mpya, na tundu likawa dogo. Nthiwa alinisihi nisubiri wiki mbili hadi apatikane fundi wa kutia boriti ya zege. Sikusubiri. Nilikuwa nimeshaandika gazetini kwamba ukumbi utajaa, na nilitaka wewe uliyeubeza ushindwe hadharani. Niliikata boriti kwa mkono wangu, Nthiwa akinishikia ngazi huku akiniomba niache. Ukumbi ulijaa kweli. Wiki tatu baadaye ufa ukatokea, nami nikanyamaza. Tangu hapo nimeandika barua mbili za kukushambulia gazetini, na katika zote mbili nimemwacha mama abebe lawama yangu akiwa kaburini.

Nthiwa amenitunzia siri kwa heshima ya umri wangu, naye ni mzee kuliko mimi. Leo asubuhi nilimpelekea ufunguo wa ukumbi, autunze yeye badala yangu.

Wasalimie wajukuu, na umwambie wifi maembe yake yalifika salama.

Sasa nadai, siombi. Isomee kamati barua hii yote Jumamosi, pamoja na jina langu, kabla ya kura ya kuubomoa ukumbi. Nanyi wanakamati mnaoisikia, msinyanyue mkono kabla hamjamsikiliza Musyimi, anayesema siku mbili na boriti moja zinatosha. Niadhibuni mimi, ukuta muuache. Na wewe, Mbaluka, tofali la vidole vitatu liko kushoto mwa mlango, usawa wa kifua chako. Weka vidole vyako humo kwanza, ndipo upige kura.

Dada yako,
Kasiva